Damu Itoke Nyumbani

Rumonge, 9 Februari 2025

Muke mwenzangu Salima,

Amahoro. Sisi huku tuko wazima, wazima wa watu wazee: tunaamka, tunasema alhamdulillahi, halafu tunaanza kutafuta leo panauma wapi. Ziwa limerudi nyuma kidogo, limetuachia matope mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Mashine ya kukamua mawese ilisimama siku nne kwa kukosa mafuta ya mazuti, tukakamua kwa mikono kama wakati wa bibi yangu. Sasa mukono wangu wa kulia hauinuki, nakula kwa aibu. Mbuzi wa Latifa amezaa mapacha, wote madume, na Latifa amenuna kama vile ni mimi niliyemuchagulia.

Ni yeye Latifa anaandika hapa. Ameweka cherehani yake kwenye baraza langu, basi hiyo ndiyo kodi yake. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea. Nikikuta ameongeza maneno mazuri ya shule, anafuta. Sikusoma, lakini masikio yangu yanajua sauti yangu.

Umeniuliza kwa nini sitaki simu. Kwenye simu unasema "niko sawa Bibi," halafu mtandao unakata na mimi nabaki na "sawa" yako mukononi. Kwenye barua, ukidanganya, inabidi udanganye mpaka mwisho wa ukurasa, na hapo nitakukamata.

Sasa jambo lenyewe. Titi walilitoa mwezi wa kumi na moja. Wakasema kansa inaweza kuwa imeacha mbegu, watakutia dawa ya mushipa mara sita. Umetiwa mara mbili. Ya tatu ilikuwa tarehe ishirini na nane ya mwezi uliopita. Tangu siku ile Hamidou ameleta basi lake kutoka Bujumbura mara tatu, na mara tatu ameshuka mikono mitupu. Umetiwa au hukutiwa? Nataka neno moja.

Amekuletea ndagala, vile visamaki vikavu vya Minago, chupa mbili za mawese, na udongo wa kuchoma, ule mweupe wa sokoni unaoupenda tangu utoto. Ameniambia uliuulizia. Kula.

Mimi siwezi kuja. Goti.

Ni mimi bibi yako Kulthumu. Kidole changu hiki hapa chini, nimekichovya kwenye mawese kama kawaida.


Buyenzi, Bujumbura, 27 Februari 2025

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mkono umeanza kuinuka. Huku joto ni lilelile na maji ya bomba yanakuja yanapojisikia. Sabine, mwalimu mwenzangu, bado ananipikia jioni akitoka shule, na watoto wa darasa langu wamenichorea ziwa lenye samaki wakubwa kuliko mitumbwi. Nisalimie Shangazi Latifa na mbuzi wake.

Neno ulilotaka ni hili: sikutiwa.

Usiogope. Kabla ya kila dawa wanapima damu kwanza, na yangu wamekuta ni kidogo. Inatakiwa ifike kumi na mbili, yangu ilikuwa nane. Dokta Aristide alinieleza vizuri. Anasema dawa inayopiga kansa haina macho, inapiga pia pale ndani ya mifupa ambapo mwili unapika damu. Tena nilipoteza nyingine wakati wa upasuaji. Amenipa vidonge vya chuma, na amesema tusubiri damu ipande kabla ya dawa ya tatu.

Kwa hiyo nasubiri. Nakuandikia ukweli wote kama ulivyotaka: nimechoka, Bibi. Uchovu wa kazi ukilala unaisha. Huu ninaamka na kuukuta umeshakaa kitandani. Nikikamua gauni moja, nakaa chini. Masikioni nasikia moyo wangu kama mtu anayepiga mlango kwa kiganja.

Udongo umefika, asante. Vyakula vingine vinanuka chuma. Udongo ndio kitu pekee kinachopita bila kugombana na mimi.

Mjukuu wako Salima


Rumonge, 16 Machi 2025

Muke mwenzangu,

Ramadhani karimu. Mimi nafunga, na wewe usifunge hata nusu siku. Nikisikia umefunga nitakuja na goti langu hivyohivyo. Hapa kuna mafuriko mengine, ya watu: wanalala kwenye kituo cha esansi wakisubiri gari la mafuta, wamepanga madumu yao mustari mpaka karibu na musikiti. Hamidou naye yuko mule, siku ya sita leo. Barua hii itaondoka siku atakayoondoka yeye.

Damu nane. Sasa umenipa kazi ninayoijua. Nimeuliza wamama wote wa mawese, kila mumoja ana lake, nimekusanya yote. Kwenye kikapu kuna mboga za lengalenga, nimezikausha kivulini. Kuna maini ya ng'ombe, nimeyakaanga mpaka yamekuwa magumu kama soli ili yasiharibike njiani. Kuna bitiravu, ile mizizi myekundu, muwambie Sabine asizichemshe sana. Kuna mawese mapya, mekundu yale ya kwanza. Kila kitu chekundu cha Rumonge nimekufungia, isipokuwa bendera ya chama.

Na udongo nimeongeza mara mbili, kwa sababu umesema unapita. Shadia mama yako naye, alipokuwa na mimba, alikuwa anautafuna kama karanga. Mimi pia. Ni mudomo wa nyumba yetu.

Hukuniambia wamepima tena lini. Uliruka hapo. Nimemuambia Latifa anisomee mara mbili kuhakikisha ni wewe uliyeruka, si yeye.

Kidole hiki.

Kulthumu


Buyenzi, 4 Aprili 2025

Bibi yangu,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Kikapu kilifika, maini ya soli na yote. Sabine alicheka mpaka akakaa. Nimekula kadiri nilivyoweza.

Ni kweli niliruka. Walishapima tena, wakakuta saba na nusu. Wakapima na juzi, ikawa saba. Dawa ya tatu imeahirishwa mara ya pili, halafu ya tatu. Dokta Aristide hakuelewa kwa nini vidonge havifanyi kazi. Akaniuliza nakula nini, nikataja lengalenga, maini, ndagala. Akasema vizuri, vizuri. Halafu nilifungua mkoba kutoa karatasi na kipande cha udongo kikadondoka mezani kwake.

Hakunigombeza. Alikishika, akauliza kimoja kwa siku? Nikasema saba, nane. Akanieleza kwamba mtu anayekosa chuma mwilini hutamani udongo, na udongo ukiingia tumboni unakishika chuma kilekile na kutoka nacho. Vidonge vyote vile nilikuwa navipa udongo. Na chai, Bibi, hata chai ya baada ya chakula, amesema niisogeze mbali na vidonge. Usijilaumu. Mimi ndiye niliyekuwa nauagiza. Lakini usitume tena.

Kuna la pili. Anasema vidonge sasa ni polepole mno, na kansa haisubiri. Anataka kuniongezea damu kwanza, mifuko miwili, ndipo anitie dawa.

Nimekataa. Nimemwambia kwetu damu hutoka nyumbani. Unakumbuka nilipojikata na kioo nikiwa mdogo, jirani akataka kuninyonya kidole, ukamsukuma? Ulisema damu itoke nyumbani ibaki nyumbani. Na mama alikufa kwa sababu damu ya nyumbani ilichelewa, ndivyo ulivyonilea. Basi mwite Mjomba Anwari. Dokta anasema siku hizi damu inatoka benki ya damu, imetolewa bure na watu na kupimwa, na hakuna anayechagua. Lakini Mjomba akija, amekubali kumpima.

Sitaki damu ya mtu nisiyemjua, Bibi. Nimechoka kwa mengi, hilo nisije nikalibeba pia.

Salima


Rumonge, 20 Aprili 2025

Mujukuu wangu,

Salamu nyingi. Mvua inanyesha kila siku, mawese hayajitengi vizuri. Mbuzi mumoja wa Latifa amekula karatasi za musikiti, tumesamehewa. Bei ya sabuni sitaki hata kuitaja.

Udongo nimeacha kutuma. Nimemuendea yule mama wa sokoni nikamurudishia uliobaki, akaniuliza kama umeoza. Nikamuambia udongo hauozi, ni sisi. Kumbe nilikuwa nakufungia kikapu, mukono mumoja unakupa, mukono mwingine unakunyang'anya. Siku mbili sikula. Usiseme usijilaumu. Mimi ndiye niliyekula mbele yako ulipokuwa mutoto.

Anwari yuko upande wa Kigoma, anavua huko na mashemeji zake. Kumupata ni kazi.

Kuhusu hilo lingine, nafikiri.

Kunywa uji. Chai uache kabisa, usiisogeze, iache.

Kulthumu


Buyenzi, 6 Mei 2025

Bibi Kulthumu,

Amahoro. Ni mimi Sabine ninayeandika. Salima yuko kitandani karibu yangu na anasema salamu zake zikufikie wewe na Shangazi Latifa pia. Anataka niandike kwamba anaendelea vizuri. Nimemwambia naandika ninachokiona.

Jumatatu wamepima, ni tano na nusu. Wamemlaza hospitali. Hawezi kwenda msalani bila mimi kumshika. Viganja vyake ni vyeupe kama vimelowekwa kwenye unga. Dokta Aristide amesema moyo unafanya kazi ya mioyo miwili na utachoka. Dawa ya kansa haitajwi tena, kwanza damu. Amekaa naye saa nzima. Hawezi kumlazimisha, mgonjwa ana akili zake.

Kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni mjomba wake.

Sasa ameniambia niandike maneno yake mwenyewe: "Bibi, nasubiri neno lako. Uliandika unafikiri. Umeshafikiri?"

Sabine, kwa niaba ya Salima


Rumonge, 8 Mei 2025

Salima,

Leo salamu ni fupi. Tuko hai.

Jana barua ya Sabine ilifika adhuhuri, na alasiri Latifa akakupigia kwa simu yake. Sabine akakuwekea sikioni. Nikakuambia: kubali damu. Ukasema, "Bibi, unasema hivyo kwa sababu umeogopa. Nitamsubiri Mjomba." Kisha ikakata. Hukuniamini, na una haki, maana nimekufundisha kinyume miaka yote. Sasa nakupa kitu cha kuamini.

Anwari haji. Ni kweli anavua Kigoma. Lakini sikumutuma mutu wa kumuita. Wiki zote hizi, sikutuma hata mumoja. Nilijua akija utamuuliza kwa nini ile mara ya kwanza alichelewa, naye angejibu.

Damu ya mama yako haikuchelewa. Ilikuwepo. Mimi niliikataa.

Latifa ameweka kalamu chini. Nimemuambia aishike tena.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na moja. Shadia alikuwa na mimba ya pili, tukamupeleka Bujumbura, hospitali hiyo unayolala leo. Mutoto alizaliwa asubuhi, hakulia. Damu haikusimama. Vita vilikuwa kila mahali, majeruhi walikuwa wamemaliza akiba yote ya damu. Dokta, mwanamuke kijana, akauliza ndugu ni nani. Nikasema kaka yake yuko Nyanza-Lac, anakuja. Dokta akasema, Mama, barabara imefungwa.

Kitanda cha pili kulikuwa na mwanamuke wa Gitaza. Mume wake jina lake Casimir, muanikaji wa ndagala, ananuka ndagala mpaka kwenye nywele. Alikuwa amesikia yote. Akakunja mukono wa shati, wakamupima, ikakubaliana. Akaniambia, "Mama, mimi iko na damu nyingi, muke wangu kila siku ananiambia ni ya moto." Alikuwa anataka kunichekesha.

Nikamuangalia. Sikujua baba yake, sikujua yuko upande gani. Wakati ule kila mutu aliangalia pua ya mwenzake kutafuta kabila lake. Na kuna la zamani kuliko vita. Baba yangu Alimasi alipovuka kutoka Kongo alichanjiana na mutu wa Uvira. Walikata vifua, wakapaka damu kwenye vipande vya ini la kuku, kila mumoja akala cha mwenzake. Tangu siku ile mutu yule alikuwa anaingia kwetu anachukua mbuzi bila kubisha hodi, na baba hana neno. Ugomvi wake ulikuwa ugomvi wetu. Alipokufa tulimulilia siku arobaini. Hata kuolewa kwao tulikatazwa, ni ndugu. Damu ikishaingia, nilijua mimi, huwezi kuitoa. Nikaona muanika ndagala huyu kesho atakuja Rumonge kukaa kwenye mukeka wangu na kusema yeye ni mutoto wangu.

Nikasema hapana. Damu itoke nyumbani. Dokta alinisihi. Akaleta karatasi. Nikatia kidole, kidole hiki ninachokichovya kwenye mawese kila nikikuandikia.

Casimir akashusha mukono wa shati. Akasema, "Basi Mama, mimi niko hapa. Ukibadilisha, niambie." Akakaa chini sakafuni karibu na mulango. Adhuhuri yuko pale. Alasiri yuko pale. Mimi nilikuwa namuona, na nilikuwa na mudomo, na sikusema. Shadia aliondoka kabla ya magharibi. Anwari alifika baada ya siku mbili, kwa mutumbwi, akakuta tunasubiri wa kutubeba.

Wewe ulikuwa na miaka sita. Uliniuliza mama amechelewa wapi. Nikasema si mama, ni damu iliyochelewa. Neno lilinitoka tu. Halafu nikaona linanifaa, nikaliweka.

Nilichoogopa ni mutu wa Gitaza kuja kula kwangu. Basi angekuja akala. Miaka ishirini na nne, Salima, angekula pamoja na mama yako.

Goti langu halina ugonjwa. Sijakanyaga hospitali hiyo tangu siku ile.

Kubali damu. Ya Muislamu, ya Mukristo, ya mutu wa milimani, ya mutu wa ziwa, ya mulevi kama wamemupima. Kama utanichukia, nichukie ukiwa na damu.

Hamidou hana esansi. Barua inakwenda na gari la samaki alfajiri.

Kulthumu


Bujumbura, 21 Mei 2025

Bibi,

Amahoro. Barua yako ilifika Ijumaa ile, inanuka samaki. Sabine aliisoma. Alipofika kwa yule mtu aliyekaa karibu na mlango akasimama, nikamwambia aendelee. Alipomaliza akaikunja. Kisha nikamwambia amwite dokta.

Nimeongezewa mifuko miwili, mmoja Ijumaa na mmoja Jumamosi. Ilikuwa baridi, niliisikia ikipanda mkononi kama mtu amenimwagia maji ya ziwa ndani ya ngozi. Muuguzi alikaa nami mwanzoni kuangalia kama nitapata homa au kuwashwa, sikupata. Kwenye mfuko kuna namba, na aina ya damu, na tarehe. Jina hakuna. Nilimuuliza muuguzi ni ya nani. Akasema hata yeye hajui, na angejua asingeniambia. Ni mtu aliyekunja mkono, akakaa dakika chache, akapewa soda, akaenda zake.

Jumapili nilikwenda msalani peke yangu. Jumatatu walipima, nane na nusu; si kumi na mbili, lakini dokta amesema kansa haiwezi kusubiriwa tena. Jana nimetiwa dawa ya tatu.

Dokta Aristide hataki nifurahi sana. Anasema damu ya mfuko inanivusha tu, mifupa yangu bado inapigwa na dawa, na huenda nikashuka tena kabla hatujafika ya sita. Vidonge naendelea navyo, bila udongo. Nautamani bado, kuliko nilivyowahi kutamani chumvi. Bado nimechoka. Lakini sasa uchovu una ukingo, naona unapoishia.

Kuhusu mama yangu sitaandika leo. Usiniombe, na usimwambie Shangazi Latifa aniandikie kunibembeleza. Nimeisoma barua mwenyewe mara nne tangu nipate nguvu ya kuishika.

Kikapu kikija, weka ndagala.

Salima


Rumonge, 2 Juni 2025

Mujukuu wangu Salima,

Amahoro. Ziwa limetulia. Mashine ya mawese imepona. Mbuzi dume wa Latifa tumemuuza kwa mutu wa Idi, na Latifa amelia, yeye aliyekuwa amenuna.

Sikuombi. Umesema "usiniombe," basi siombi. Nakuambia habari tu.

Jumamosi gari la kuchukua damu lilikuja Rumonge, wakaweka vitanda kwenye darasa la shule ya musingi. Nilikwenda na wamama kumi na mumoja wa mawese. Niliwaambia jana yake, pale kwenye mashine, yale niliyokuandikia wewe. Nilisimama nikayasema kwa mudomo wangu. Zipora, yule wa kanisani anayeuza mise, zile kokwa za michikichi, akafuta mikono akasema, "Saa ngapi wanafungua?" Ndiyo hivyo tukaenda.

Saba wamekubaliwa. Latifa ni wa kwanza, akajikaza mpaka akamaliza, kisha akaona soda akazimia. Mimi wakanikataa. Muuguzi kijana, mupole, akasema, "Mama, umri umepita." Nikamuambia umri wangu ataujuaje, mimi mwenyewe siujui. Akasema anauona. Nikakaa. Nikamuambia sitoki kwenye kiti hiki. Kwa kuninyamazisha akanitoboa kidole, kilekile, akaweka tone kwenye kimashine chake.

Akasoma. Akasema, "Hata ungekuwa musichana nisingeichukua, ni kidogo. Unakula nini?" Latifa alikuwa amelala kwenye benchi na miguu juu, akafungua jicho moja akasema, "Udongo."

Kwa hiyo mimi pia nimeacha, na mimi pia nimepewa vidonge, na mimi pia chai naiona kwa mbali. Tutautamani wote wawili.

Nilimuuliza Hamidou kuhusu Casimir, kwa sababu anapita Gitaza kila siku. Amenitafutia. Wanasema alihama zamani na muke wake, hakuna anayejua wapi. Nilitaka kumupa kitu. Sasa nabaki nacho.

Vifurushi vya safari hii ni viwili. Kimoja ni chako: ndagala, mawese, lengalenga, hakuna udongo. Cha pili ni sawasawa na chako, nimepima kwa mukono uleule, na ndani nimeweka na sabuni. Hicho ni cha ndugu yako wa mufuko. Amechanjiana na wewe, basi sasa ni mutu wa nyumba hii, na kwetu mutu wa damu hakai bila kulishwa. Hana jina, mimi sihitaji jina.

Hicho sitamupa Hamidou. Amepata esansi, ameniwekea kiti cha mbele, tunaondoka Alhamisi ili Idi inikute huko. Kama hutaki kuniona, waambie walinzi wa hospitali, nitaelewa, nitamuachia Sabine chako. Lakini kile cha pili nitakaa nacho kwenye benchi, nje ya mulango wanapotolea damu. Wa kwanza kutoka akiwa amekunja mukono, nitamupa yeye. Akisema hanijui, nitamuambia na mimi simujui, apokee.

Kulthumu